Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Phillies walikauka mikimbio kwa sababu wapigaji walizeeka?

Haya maswali naulizwa kila nikianza kuongelea besiboli, na karibu yote yanarudi palepale, kwa Phillies ya Philadelphia, timu iliyokuwa inatisha ligi nzima mpaka 2011 afu ndani ya misimu miwili ikawa butu kabisa. Jibu la haraka la wengi ni kwamba wazee walichoka na waliobaki walikuwa leo wanawaka kesho wamezima. Mi naipenda hii timu na hilo jibu nalikubali nusu tu, labda hata chini ya nusu, kwa hiyo nimeweka majibu yote hapa sehemu moja.

Besiboli siijui kabisa, nishike nini kwanza?

Shika vitu vitatu. Mikimbio ndo magoli ya huku, mchezaji akizunguka beisi zote nne akarudi nyumbani timu imepata mmoja. Wastani wa kupiga unaandikwa kama .250, maana yake katika zamu 100 za kupiga amepata hiti 25, yani mara 25 mpira alioupiga umemfikisha beisi salama, na usishangae ni ndogo, mtu wa .300 anahesabika hodari. Cha tatu, ambacho kwangu ndo muhimu kuliko vyote, ni kiwango cha kufika beisi, yani ni mara ngapi mtu hatolewi, awe amepiga hiti, amepewa beisi ya bure kwa sababu mrushaji kakosea mara nne, au amegongwa na mpira. Ukisikia homurani ni mpira umetoka nje ya uzio, ukisikia straikauti ni mpigaji ametolewa kwa straiki tatu, yani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha, karudi benchi. Yatosha.

Timu ilishuka kiasi gani hasa, au ni maneno ya mashabiki wenye hasira?

Ilishuka sana. 2007 walipata mikimbio 892, mwaka uliofuata wakachukua ubingwa wa dunia, mara ya kwanza toka 1980, na 2009 wakapiga homurani 224. Waliongoza kundi lao la mashariki miaka mitano mfululizo, 2007 mpaka 2011, na huo mwaka wa mwisho walishinda mechi 102. Sasa angalia 2013: mikimbio 610, homurani 140, mechi walizoshinda 73 wakapoteza 89. Toka 892 mpaka 610 ni pengo la mikimbio 282, karibu miwili pungufu kila mechi. Hapo hata warushaji wako wawe hodari vipi utapoteza tu, na warushaji wao ndo walikuwa kina Cole Hamels na Cliff Lee, watu ambao timu yoyote ingewataka. Ilikuwa inauma kumwona Hamels anarusha vizuri usiku mzima afu anaondoka na kipigo cha mbili kwa moja.

Si ndo uzee huo? Mbona kila mtu pale alikuwa ana miaka thelathini na?

Ni kweli, umri ulikuwa mkubwa. 2013 Ryan Howard alikuwa na 33, Chase Utley, Jimmy Rollins na Carlos Ruiz wote 34, na Michael Young waliyemleta kucheza beisi ya tatu alikuwa 36. Kwa wapigaji wengi kilele kinakuwa kati ya 26 na 29 hivi, baada ya hapo mikono inaanza kuchelewa kidogo kidogo, na mpira wa maili 95 kwa saa haumsubiri mtu.

Lakini ukiwachukua mmoja mmoja hadithi haikai hivyo. Utley msimu huohuo wa 2013 alipiga .284 na homurani 18, ndo alikuwa mpigaji wao bora kwa maoni yangu. Ruiz, mshikaji wao (anayedaka mipira ya mrushaji) kutoka Panama, mwaka bora wa maisha yake ulikuwa 2012, .325 na homurani 16, akiwa na miaka 33! Rollins 2013 alipata homurani 6 tu kwenye mechi 160, watu wakamzika, umri umemtupa mkono, auzwe, afu 2014 akapiga 17 na kuiba beisi 28, yani kukimbilia beisi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, na hapo amezeeka mwaka mmoja zaidi. Ingekuwa ni uzee peke yake Rollins asingepanda, uzee haurudi nyuma.

Basi Howard? Yule si alianguka mzimamzima?

Howard ndo mahali ambapo watu wako karibu na ukweli, ila hata hapo mi naanza na mguu kabla ya miaka.

Tarehe 7 Oktoba 2011, mechi ya tano ya mtoano na St. Louis Cardinals, aliyeshindwa anarudi nyumbani. Mechi ina awamu tisa, na Cardinals walipata mkimbio mmoja awamu ya kwanza tu, na huo mmoja ukakaa hapohapo usiku mzima, kwa sababu Chris Carpenter aliwaruhusu Phillies hiti tatu basi. Awamu ya tisa, wawili wameshatolewa na wa tatu akitolewa mechi imeisha, anakuja Howard. Anapiga mpira wa chini unaenda kwa mlinzi wa beisi ya pili, anaanza kukimbia, na hatua chache tu toka alipopigia mguu unagoma, anadondoka. Kano ya kisigino cha kushoto imekatika. Wenzake wanatoka benchi kumfuata huku katikati ya uwanja Cardinals wanarukiana wakishangilia, na yeye yuko chini kwenye njia ya beisi ya kwanza, hawezi kusimama. Msimu wa mechi 102 uliisha hivyo, na kwangu huyo Howard wa zamani aliishia hapo pia.

Kabla ya hapo alikuwa na homurani 58 mwaka 2006, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, afu 47, 48, 45. Baada ya kano kukatika alicheza mechi 71 mwaka 2012 na 80 mwaka 2013, maana goti nalo lilifuata likafanyiwa upasuaji, hivyo katika mechi 324 za misimu hiyo miwili alionekana 151 tu, haifiki nusu. Mtu wa kilo nyingi vile anapigia miguu, nguvu inatoka chini inapanda kiunoni mpaka mikononi, ukishaharibu mguu wa nyuma wa mpigaji wa kushoto umeharibu kila kitu. Alipiga .219 mwaka 2012 na .223 mwaka 2014.

Na mkataba wake?

Dola milioni 125 kwa miaka mitano. Walisaini Aprili 2010 wakati mkataba wa zamani bado una muda, kwa hiyo mpya ulianza kuhesabiwa 2012, yani walilipia miaka yake ya 32 mpaka 36 wakiwa wanamwangalia wa miaka 26. Kosa ni la waliosaini, Howard alikuta karatasi mezani akaweka sahihi kama ambavyo yeyote angefanya, na mashabiki waliomzomea kwa ajili ya hela hawakumtendea haki.

Nasikia pia timu nyingine zilikuwa zinampangia walinzi upande mmoja, hiyo ni nini?

Howard alikuwa anavuta mipira mingi kulia. Wapinzani wakaona, wakahamisha walinzi watatu wa ndani wote upande wa kulia, na mlinzi wa beisi ya pili anarudi nyuma kabisa mpaka kwenye nyasi, pale ambapo kwa kawaida hasimami mtu. Mpira mkali wa chini ambao 2006 ulikuwa hiti sasa unamkuta mtu kasimama anausubiri, anamrushia wa beisi ya kwanza taratibu. Ukikaa ukaangalia mechi tatu mfululizo unaona mpira uleule, kasi ileile, na mara zote tatu ametolewa, afu kesho yake unasoma ameisha. Upangaji huo ligi ilikuja kuuzuia 2023, lazima wawili wakae kila upande wa beisi ya pili, ila Howard alishastaafu zamani.

Ongezea na warushaji wa mkono wa kushoto, hao walimsumbua hata enzi zake nzuri.

Ok, lakini hawa wapigaji walikuwa hawatabiriki. Leo hiti tatu, kesho sifuri, keshokutwa sifuri. Hilo nalo unakataa?

Sikatai kwamba ilikuwa hivyo, nakataa kwamba ni sababu. Hebu tufanye hesabu. Mpigaji wa .300, mtu hodari, akipata zamu nne kwa mechi, uwezekano wa kukosa zote nne ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7 mara 0.7, inakuja kama 0.24. Maana yake karibu kila mechi ya nne mtu hodari anarudi nyumbani mikono mitupu. Wa .250 ni 0.32 hivi, yani mechi moja katika kila tatu, na mechi tatu mfululizo bila hiti zitamtokea mara kadhaa kila msimu hata awe hajabadilika chochote, halali vibaya, haumwi, hajagombana na kocha.

Kwa hiyo ukisema "hana uthabiti" mara nyingi umeelezea besiboli yenyewe. Kila mpigaji yuko hivyo. Timu zenye mikimbio mingi nazo zina wapigaji wa leo ndiyo kesho hapana, tofauti ni kwamba wako wengi, mmoja akizima wa nyuma yake anawaka. Phillies ya 2007 ukimpita Rollins unakutana na Utley, ukimpita Utley unakutana na Howard, nyuma yake kuna Pat Burrell na Jayson Werth. Pumzi unaivutia wapi?

Domonic Brown je? Yule ndo mfano wenyewe wa kutotabirika.

Brown nampenda na inaniuma kuongea habari zake. Mei 2013 alipiga homurani 12, mwezi mmoja, mji mzima ukasema mrithi kapatikana, akaenda mpaka mechi ya nyota wa ligi. Lakini kwenye mwezi huohuo kulikuwa na kitu watu hawakukiangalia, hakupata beisi ya bure hata moja. Mwezi mzima, sifuri. Alikuwa anapiga kila kilichopita mbele yake na mwezi ule vikawa vinakubali. Warushaji si wajinga, wakaanza kumpa mipira ya nje ya eneo la straiki, naye akaendelea kuifuata. 2013 aliimaliza na homurani 27, 2014 akapata 10 na wastani wa .235, na 2015 ndo ukawa mwaka wake wa mwisho ligi kuu, ana miaka 28 hajavuka.

Sasa weka hilo pembeni ya hadithi ya uzee. Howard na Rollins walicheza ligi kuu mpaka 2016, Ruiz mpaka 2017, Utley mpaka 2018. Wazee wote wanne walidumu kuliko kijana aliyetakiwa kuwarithi.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa nini, kwa maneno mafupi?

Watu hawakufika beisi. 2007 timu ilifika beisi kwa kiwango cha .354, 2013 ikawa .306. Kwa mechi yenye zamu kama 38 hivi hiyo ni karibu watu wawili pungufu kila siku, na mikimbio inatoka kwa watu walioko beisi, homurani ikipigwa beisi ziko tupu ni mkimbio mmoja tu umeisha.

Ben Revere ananisaidia kueleza hapa. 2014 alipiga .306, hiti 184, aliiba beisi 49, ukimwangalia unasema huyu ndo dawa. Ila beisi za bure alipata 13 msimu mzima na homurani 2, kwa hiyo pamoja na mbio zote zile kiwango chake cha kufika beisi kiliishia .325, ambacho kwa mtu wa mbele kwenye mpangilio wa kupiga ni cha kawaida tu. Kijana, mwenye kasi, kila siku anapata hiti yake, yani ana kila kitu ambacho walalamikaji wanasema kilikosekana, na timu bado haikufunga.

Howard alileta mikimbio 95 mwaka 2014, mbona unasema alikuwa chini?

Kwa sababu mikimbio ya kuletwa, yani ile inayoingia kutokana na mpira uliopiga wewe, inategemea nani yuko beisi unapoingia. Alikuwa anapiga katikati ya mpangilio, mbele yake Utley na wengine wanafika, basi fursa zinakuja nyingi. Mwaka huohuo alitolewa kwa straikauti mara 190. Zote mbili ni kweli, ila ya pili inaongea zaidi juu ya Howard mwenyewe.

Je, ligi yenyewe haikubadilika?

Ilibadilika, na hili ndo swali ambalo natamani liulizwe zaidi. 2007 timu ya kawaida ligi kuu ilikuwa inapata mikimbio 4.80 kwa mechi. 2013 ikawa 4.17. Zidisha tofauti kwa mechi 162 unapata mikimbio kama 102. Yani katika lile pengo la 282, zaidi ya theluthi ni ya kila mtu, Phillies wangebaki vilevile wakilinganishwa na wenzao bado wangeipoteza hiyo. Warushaji waliongeza kasi, mabenchi yakajaa vijana wa kuja kurusha awamu moja kwa nguvu zote, straikauti kwa timu zikapanda toka 6.62 kwa mechi mpaka 7.55, na walinzi wakaanza kupangwa kwa takwimu kama nilivyoeleza kwa Howard. Mpigaji wa miaka 34 alikuwa anazeeka huku mchezo wenyewe unazidi kuwa mgumu, na shabiki anaona kimoja tu.

Kuna timu ya wakubwa iliyopiga vizuri wakati huohuo?

Boston Red Sox, 2013 hiyohiyo. Mikimbio 853, ya kwanza ligi nzima, na ubingwa wakachukua. David Ortiz alikuwa na 37, akapiga .309 na homurani 30. Shane Victorino, ambaye Phillies walimwachia katikati ya 2012, alikuwa na 32 na ndo aliyepiga ile homurani ya beisi zote zimejaa iliyowapeleka fainali. Kiwango chao cha kufika beisi kilikuwa .349, rudi ukaangalie .306 ya Phillies. Haki itendeke pia, Ortiz alicheza kama mpigaji maalumu asiyelinda uwanja, na ligi kuu ina pande mbili, upande wa Phillies hiyo nafasi haikuwepo enzi hizo, kwa hiyo Howard na mguu wake ule alilazimika kulinda beisi ya kwanza kila siku.

Kwanini hawakuingiza damu changa mapema?

Kwa sababu walishaitumia kulipia ule ubingwa waliokuwa wanautafuta tena. Kumpata mrushaji Roy Halladay walitoa makinda (vijana ambao bado hawajafika ligi kuu) akiwemo mshikaji Travis d'Arnaud. Kumpata Hunter Pence 2011 walitoa kundi lingine, ndani yake Domingo Santana, ambaye 2017 alikuja kupiga homurani 30 Milwaukee. Kumsajili Raúl Ibañez kuliwagharimu chaguo lao la kwanza kwenye mgao wa makinda wa 2009, Cliff Lee la 2011. Na timu ikishinda sana inachagua mwishoni, wazuri wameshaondoka.

Mi siwalaumu kwa Halladay hata kidogo. Mechi kamili Mei 2010, watu 27 wanakuja 27 wanatolewa, afu Oktoba mechi ya mtoano bila kuruhusu hiti, vitu kama vile huvioni mara mbili. Ninacholaumu ni kwamba 2012 mlango ulishafungwa, Pence na Victorino wameuzwa siku moja ya Julai, badala ya kujenga wakaongeza wakubwa wengine wa kuziba matundu. Michael Young hakumaliza msimu wa 2013 pale, Delmon Young pia hakumaliza. Marlon Byrd 2014 alipiga homurani 25 akiwa na 36, mkongwe mwingine aliyefanya kazi yake, na timu ikaishia 73 na 89 vilevile.

Kocha hakuhusika?

Charlie Manuel alifukuzwa Agosti 2013, Ryne Sandberg akachukua, naye akajiuzulu Juni 2015 na msimu ukaisha na mechi 99 walizopoteza. Mpangilio wowote wa majina yale ungezaa mikimbio ileile, sina zaidi hapo.

Kikosi cha sasa nacho kimepanda umri, yatajirudia?

Watu wameanza kusema, hasa baada ya kutolewa na Dodgers 2025. Lakini huo msimu Kyle Schwarber akiwa na 32 alipiga homurani 56, Trea Turner naye 32 akaongoza upande wao wa ligi kwa wastani wa kupiga. Mi siangalii tarehe zao za kuzaliwa kwanza, naangalia nani anacheza mechi ngapi, na nani anapewa zamu za Jumanne na Jumatano mkubwa akipumzishwa. Mwaka 2012 hilo la pili lilikuwa halina jibu. Utley kati ya 2011 na 2013 alikosa mechi 169 kwa ajili ya magoti na mbavu, na waliokuwa wanaingia badala yake ndo waliokuwa wanazirudisha zamu bure.

Una mchezaji mmoja unayemtaja kila ukiulizwa hili?

Utley. Walimuuza Dodgers Agosti 2015, ana magoti mabovu na wastani uliokuwa chini sana, wengi wakasema kaisha. Tarehe 16 Agosti 2016 akarudi Philadelphia na jezi ya Dodgers, miaka 37. Alipoingia zamu ya kwanza uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Awamu ya tano akapiga homurani. Awamu ya saba beisi zote zimejaa akapiga nyingine, mikimbio minne kwa mpigo, dhidi ya timu yao wenyewe, na wale watu wa Philly wakasimama tena, hawakunyamaza mpaka alipotoka benchi kuwapungia mkono.